Kimya cha Mwenye Hekima na Kimya cha Mshiriki: Uhakiki wa Mithali za Biblia kuhusu Kunyamazia Uovu

Ikisiri

Kitabu cha Mithali hutajwa mara nyingi kuwa chuo cha kuuzuia ulimi. Makala haya yanaonyesha kwamba kitabu hichohicho kina mkondo wa pili, unaomhesabu anayenyamazia uovu kuwa mshiriki wa uovu huo. Kwa kuchunguza Mithali 24:11–12, 29:24, 30:10 na 31:8–9, pamoja na msamiati wa Kiswahili uliotumika kuzifasiri, makala yanadai kwamba mikondo hiyo miwili haigongani. Inatenganishwa na swali moja: ni nani anayelipa gharama ya kimya? Hoja hiyo inapimwa kwa matukio ya Nyange nchini Rwanda, ya mwaka 1994 na ya mwaka 1997, na kwa ushahidi uliotolewa au uliofichwa mbele ya mahakama za Gacaca.

1. Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili hukifikia Kitabu cha Mithali akiwa tayari amefundwa na wahenga wake. Amesikia kwamba kimya kina mshindo mkuu, kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kwamba mdomo uliponza kichwa. Wafasiri wa Biblia waliuimarisha ujirani huo walipokipa kitabu jina la utanzu wenyewe: Mithali katika Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, Methali katika Biblia Habari Njema. Jina hilo linamwalika msomaji ayapokee maneno yanayohusishwa na Sulemani kama nyongeza ya akiba aliyokuwa nayo, na akiba hiyo, kwa sehemu kubwa, inausia tahadhari.

Mwaliko huo una faida zake, lakini una hatari pia. Panapotokea wizi wa fedha za kanisa, mjane anapodhulumiwa urithi, au mtoto anapoteswa na mkubwa wa nyumba, aya za Mithali hutajwa upesi ili kumtuliza anayetaka kusema. Anaambiwa kwamba mwenye akili husitiri jambo. Kombe hufunikwa, mwanaharamu apite. Makala haya yanauliza kama kitabu chenyewe kinaruhusu kutumiwa hivyo, na jibu linatafutwa katika matini: katika mpangilio wa aya, katika maneno yaliyoteuliwa na wafasiri, na katika watu ambao kila aya inawahusu.

2. Kimya kinachosifiwa

Ni kweli kwamba Mithali inasifu kimya, tena mara nyingi. Wingi wa maneno unahusishwa na dhambi (10:19). Anayelinda kinywa chake hulinda uhai wake (13:3) na hujiepusha na taabu (21:23). Hata mpumbavu akinyamaza hudhaniwa kuwa ana hekima (17:28). Mchongezi hutembea akitoa siri, ilhali mwaminifu huzificha (11:13). Mhakiki asiyezikabili aya hizi kwa uzito wake hawezi kuaminiwa anapodai kwamba kitabu kina sauti nyingine.

Zikisomwa kwa makini, hata hivyo, aya hizi zinafanana katika jambo moja. Anayezuiwa ni msemaji ambaye maneno yake yangemletea madhara yeye mwenyewe au yangemvunjia jirani heshima bila sababu. Hasira yake ingewaka, majivuno yake yangefichuka, au siri aliyoaminiwa na rafiki ingezagaa mtaani. Gharama ya kunyamaza inalipwa na mnyamazaji: anaumeza uchungu, anakosa sifa, anaacha kujibu. Hakuna hata aya moja kati ya hizo inayomtaja mtu wa tatu anayeumia kwa sababu mwenye hekima hakusema.

Historia ya matini inaupa uchunguzi huu nguvu zaidi. Tangu miaka ya 1920 wataalamu wameonyesha ukaribu mkubwa kati ya Mithali 22:17–24:22 na mafundisho ya Kimisri ya Amenemope, yaliyogawanywa katika sura 30. Mafundisho hayo yanamtukuza mtu mkimya na kumlinganisha na mtu wa hasira, na Mithali 22:24 inafuata nyayo hizo inapoonya dhidi ya urafiki na mwenye ghadhabu. Lakini ni katika mkusanyo huohuo, karibu na mwisho wake, ndipo inapotokea amri ya kuwaokoa wanaopelekwa kuuawa. Waliokusanya semi hizi waliujua wema wa mtu mkimya, wakauhifadhi, kisha wakauwekea mpaka.

3. Kugawana na mwizi

Mithali 29:24 ndiyo aya inayokaribia zaidi kuufafanua ushiriki katika uovu kwa kimya. Inamtaja mtu aliye upande wa mwizi, inasema kwamba mtu huyo anaichukia nafsi yake, kisha inaeleza kosa lake: anasikia laana ikitolewa na hatoi habari. Tafsiri ya Muungano inatumia kitenzi shirikiana. Uteuzi huo unaeleweka, ila unazaa matatizo mawili.

Tatizo la kwanza ni la ukoo wa neno. Katika Kiswahili, shiriki, mshirika, shirika na ushirika ni maneno yenye heshima. Ushirika ni chama cha wakulima. Ushirika ni meza ya Bwana. Washirika ni waumini wa kanisa moja. Lugha inapotaka kuyaonyesha mabaya huongeza maelezo, kama vile kushiriki uovu, au hugeukia misemo mingine kama kula njama na kufumbia macho. Kula njama kunahitaji mpango uliosukwa pamoja. Kufumbia macho hakuhitaji mpango, lakini msemo huo ni laini. Unamwonyesha mtu aliyepitiwa au aliyevumilia, wala hauonyeshi aliyefaidika. Kwa hiyo Kiswahili hakina neno moja jepesi linalombeba mtu asiyeiba, asiyepanga wizi, ila anayeishi kwa amani na mwizi kwa kuwa kimya kinamfaa.

Tatizo la pili ni la maana ya msingi. Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika katika aya hii kina maana ya kugawa au kugawana. Picha yake ni ya mgawo: mtu anayepokea sehemu ya mali iliyoibwa. Neno shirikiana linaificha picha hiyo na kuacha maana ya jumla ya kufanya kazi pamoja. Iwapo tafsiri ingesema kugawana, msomaji angeona mara moja kwamba kimya cha nusu ya pili ya aya kina malipo. Asiyetoa habari ananyamaza kwa sababu ana fungu lake. Fungu hilo si lazima liwe fedha. Linaweza kuwa cheo, ulinzi, utulivu wa nyumba, au nafasi ya kuendelea kuitwa mtu mwema.

Laana inayotajwa katika aya si tusi la hasira. Mambo ya Walawi 5:1 inaeleza utaratibu wake: panapotolewa apizo la hadharani la kuwaita mashahidi, aliyeona au aliyejua na akanyamaza huchukua hatia yake. Waamuzi 17:1–2 inatoa mfano ulio hai. Mama yake Mika ameibiwa fedha 1,100, naye anatamka laana masikioni mwa mwanawe. Mwana anaposikia, anakiri kwamba mwizi ni yeye. Desturi hii ilizihudumia jumuiya zisizokuwa na polisi wala wapelelezi. Haki ilitegemea ulimi wa aliyeona. Katika mazingira hayo kunyamaza hakukuwa kujitenga na kesi. Kulikuwa ndiko kuiua kesi. Ndiyo maana Walawi inamhesabia mnyamazaji hatia yake mwenyewe, hata kama mkono wake haukugusa kitu.

4. Udhuru wa kutojua

Mithali 24:11–12 inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa haimngojei mtu aitwe ushahidini. Inaagiza kuwaokoa wanaoburutwa kwenda kufa na wanaoyumbayumba kuelekea machinjoni, kisha inautaja mapema udhuru utakaotolewa: kwamba jambo hilo halikujulikana. Aya haiujibu udhuru huo kwa hoja. Inaujibu kwa swali kuhusu yule anayeipima mioyo, kama yeye naye haelewi.

Mambo mawili ya kimtindo yanastahili kuangaliwa. Kwanza, udhuru umewekwa katika wingi. Anayeamriwa ni mtu mmoja, lakini anapojitetea anasema kwa niaba ya wote: sisi hatukujua. Mwandishi ameiona tabia ya watu walioshindwa kutenda, kwamba kila mmoja hujificha katika umati. Swali linalofuata linarudi katika umoja na kumtoa mtu huyo katika umati wake. Pili, kinachopimwa hapa ni moyo. Mahakama ya binadamu yaweza kushindwa kuthibitisha kwamba jirani alisikia mayowe. Mithali inakubali ugumu huo na kuupeleka kwa mpimaji asiyehitaji ushahidi wa nje. Hapa hekima inazidi sheria: sheria huuliza kinachoweza kuthibitishwa, hekima huuliza kile ambacho mtu mwenyewe anakijua.

Aya iliyotangulia (24:10) hutengwa mara nyingi na hizi mbili, lakini inazifaa kama utangulizi. Inasema kwamba anayezimia siku ya taabu, nguvu zake ni chache. Ikisomwa pamoja na amri ya kuokoa, nguvu zinazosemwa ni nguvu za kumsimamia mwingine. Mithali 25:26 inaikamilisha picha hiyo kwa mfano wa maji: mwenye haki anayemwachia njia mwovu ni sawa na chemchemi iliyochafuliwa. Mfano huo umeteuliwa kwa uangalifu. Chemchemi haikosi maji kwa sababu ya tope. Inaendelea kububujika, na wanywaji wanaendelea kuja. Aliyenyamaza anaendelea kuheshimiwa na kushauriwa, na sumu inasambaa kupitia heshima hiyo.

5. Usemi unaelekea wapi?

Ikiwa kunyamazia uovu ni kushiriki, je, kila anayejua jambo aliseme? Mithali inalikataa jibu hilo rahisi, na inalikataa katika kurasa zake za mwisho. Katika 30:10 Aguri anakataza kumchongea mtumwa kwa bwana wake. Katika 31:8–9 mama yake Lemueli anamwagiza mwanawe, mfalme, afumbue kinywa kwa ajili ya aliye bubu na kuwapatia maskini haki yao. Amri ya kunyamaza na amri ya kusema zinakaa katika sura zinazofuatana, na kila moja inamhusu mnyonge.

Tofauti yake iko katika mwelekeo wa usemi. Anayemchongea mtumwa anampeleka dhaifu mikononi mwa mwenye nguvu. Bwana tayari ana fimbo, na maneno ya mchongezi yanamwonyesha mahali pa kupiga. Mama wa mfalme anataka usemi uende upande mwingine: mwenye nguvu aziazime nguvu zake kwa asiyeweza kujisemea. Kumbukumbu la Torati 23:15–16 inashika kanuni ileile inapokataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. Wakunga wa Kutoka sura ya 1, waliomficha Farao ukweli kuhusu watoto wachanga, wanasimama mahali hapohapo.

Kiswahili kinaisaidia hoja hii kwa namna ambayo huenda wafasiri hawakuikusudia. Kitenzi kilichoteuliwa na Tafsiri ya Muungano katika 31:8 ni fumbua, kinyume cha fumba. Katika ukoo huohuo wa maneno kuna fumbia, kama katika kufumbia macho, na kuna fumbo, usemi uliofungwa. Sura ya kwanza ya kitabu inaahidi kumfundisha msomaji kuzielewa semi na vitendawili vya wenye hekima. Sura ya mwisho inamtaka afumbue kinywa. Kwa masikio ya Mswahili, safari ya kitabu kizima inaanzia kwenye kufumbua mafumbo na kuishia kwenye kufumbua kinywa: aliyejifunza kuelewa kilichofichwa hana tena ruhusa ya kujifanya haoni.

Kutokana na hayo kigezo kinajitokeza. Kimya kinachomkinga anayewindwa ni hekima. Kimya kinachomkinga mwindaji ni ushiriki. Usemi nao hupimwa hivyohivyo.

6. Nyange: kipimo cha kigezo

Kigezo hicho kina uzito wa pekee katika eneo la Maziwa Makuu. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, uovu ulihitaji usemi na kimya kwa pamoja. Ulihitaji majirani waseme nani amejificha wapi, na ulihitaji wengine wanyamaze wakati waliofichuliwa wakiuawa.

Mwezi wa Aprili mwaka huo, zaidi ya watu elfu moja waliokimbilia kanisa la Nyange, magharibi mwa Rwanda, waliangukiwa na jengo hilo lilipobomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Mwaka 2006 alitiwa hatiani kama msaidizi na kuhukumiwa kifungo cha miaka 15. Mwaka 2008 mahakama ya rufani ilimwona mtendaji mwenyewe, kwa kuwa aliipokea azma ya kubomoa kanisa na kuifanya kuwa yake, ikampa kifungo cha maisha. Mwendo wa hukumu hiyo, kutoka usaidizi hadi utendaji, ni njia ileile ya Mithali 29:24. Mpaka kati ya anayeiba na anayegawana ni mwembamba kuliko unavyodhaniwa, hasa pale anayegawana ni mtu ambaye neno lake lingeweza kuzuia.

Mahali hapohapo palishuhudia kimya cha aina nyingine. Tarehe 18 Machi 1997 washambuliaji waliivamia shule ya sekondari ya Nyange na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Wanafunzi walikataa, na baadhi yao waliuawa. Rwanda imewaweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena. Walikuwa na habari iliyotakiwa, nao hawakuitoa. Kwa kipimo cha juujuu, wao na aliyeona mauaji asiseme wote walinyamaza. Kwa kipimo cha Aguri na mama yake Lemueli, hawafanani kabisa, kwa kuwa wanafunzi wa Nyange waliilipa wenyewe gharama ya kimya chao.

Mahakama za Gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa mwaka 2012, zilikutana na tatizo la Walawi 5:1 katika kila kilima. Zilitegemea vinywa vya majirani, na mahali pengine majirani walipatana kutosema. Mapatano hayo yalipata jina katika Kinyarwanda: ceceka, yaani nyamaza. Sheria ya mwaka 2004 iliyoziongoza mahakama hizo iliwawekea adhabu watu wawili kwa pamoja: anayekataa kushuhudia alichokiona na anayemsingizia mwenzake. Kuwaunganisha wawili hao ni jambo la busara kubwa, na ni jambo ambalo sura mbili za mwisho za Mithali zilikwisha kulifanya. Jumuiya inayotaka haki huogopa kimya cha shahidi na ulimi wa mchongezi kwa wakati mmoja. Ikiogopa kimoja tu, huangukia kingine.

7. Pingamizi

Usomaji huu unaweza kupingwa kwa matini za Biblia yenyewe. Amosi 5:13 inasema kwamba mwenye busara hunyamaza wakati huo, kwa kuwa ni wakati mbaya. Mithali 22:3 inamsifu anayeona hatari na kujificha, na 26:17 inamcheka anayejiingiza katika ugomvi usiomhusu. Je, si kweli kwamba hekima inamruhusu mtu ajiokoe?

Aya ya Amosi ni ngumu, na baadhi ya wafafanuzi wameiona kuwa kejeli au maelezo ya hali ilivyo, si agizo. Vyovyote iwavyo, nabii aliyeitamka hakuifuata. Amosi 7:10–17 inamwonyesha akikataa kunyamazishwa na Amazia, kuhani wa Betheli. Mithali 26:17 nayo inahusu ugomvi, yaani watu wawili wanaoweza kupigana. Haimhusu anayeburutwa kwenda kufa, ambaye hana wa kupigana naye.

Pingamizi la 22:3 ndilo zito zaidi, na halipaswi kuondolewa kwa maneno matamu. Mithali haimdai mtu asichoweza. Aya ya 3:27 inakataza kumnyima mtu wema anaostahili pale uwezo wa kuutenda upo mkononi. Uwezo ndio kipimo, na kwa sababu hiyo amri kali kuliko zote, ile ya 31:8, anapewa mfalme. Mjane asiyethubutu kumshtaki mkubwa wa kijiji na kiongozi wa dini mwenye mimbari hawana deni moja. Wala kitabu hakiahidi kwamba anayesema atabaki salama. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia maonevu. Kabla ya mwezi huo kwisha, Luwum alikuwa ameuawa. Kusema kwao kwa pamoja kuliwapa sauti, hakukuwapa kinga. Ukweli huo unamzuia mhakiki asiwahukumu kwa wepesi walioogopa. Lakini woga ni jambo moja, na kuuita woga hekima ni jambo jingine. Mithali inaweza kumvumilia mwoga. Haiwezi kumvumilia mgawanaji anayejipamba kwa aya zake.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Mithali inasifu kimya ambacho gharama yake inalipwa na mnyamazaji, na inalaani kimya ambacho gharama yake inalipwa na mwingine. Matokeo yake kwa wafasiri ni kwamba 29:24 inahitaji neno la mgawo, ili msomaji alione fungu la mnyamazaji. Kwa walimu wa fasihi na wa dini, 11:13 isifundishwe bila 24:11–12, wala 30:10 isifundishwe bila 31:8–9. Aya moja ikitengwa na mwenzake huwa silaha mkononi mwa mwenye nguvu. Kwa watafiti wa methali za Kiswahili bado kuna kazi ya kuuliza swali hilohilo kwa akiba ya wahenga wenyewe, kwa maana wahenga waliosema funika kombe ndio waliosema pia kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Na kwa jumuiya ambazo bado zinahesabu wafu wake, swali la nani alinyamaza litafuatwa daima na lile la pili, ambalo Mithali inalijali zaidi: alinyamaza kwa hasara ya nani?